Nilikuwa Mguu Namba Arobaini na Mbili

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mtihani wa hesabu ni wiki ijayo na sijui hata kitabu kiko wapi, lakini nimestaafu, na nadai heshima zangu. Nyie wadogo wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, mkinikuta nimekaa kwenye ngazi za kanisa msiniruke kama gunia. Semeni shikamoo. Mguu huu mnaouona umefanya kazi.

Sikufukuzwa na sikuiba. Nilikua tu. Kazi yangu ilitaka mguu namba arobaini na mbili kamili, na mguu ukiulisha wali hauna adabu, unaendelea. Siku moja Mama alinivalisha kiatu, akabonyeza mbele kwa kidole gumba, akabonyeza tena, akasema, "Baba, umekwisha." Hakuna cheti, hakuna mabati, hakuna hotuba ya mgeni rasmi. Nimeambiwa tu nitafute wa kunirithi kati yenu. Nimeichunguza miguu yenu mnapovua viatu mlangoni. Wawili mnakaribia. Siwataji, nawahurumia. Kabla hamjakubali, someni hii.

Kazi yenyewe iko hivi. Nyuma ya barabara ya Zhanqian, upande wa stesheni ya treni, kuna maghorofa yaliyojaa viatu kuanzia chini hadi juu, na hawaachi kupandisha mengine, kana kwamba dunia nzima imeota miguu mipya. Ukutani kwa kila duka zimetundikwa sampuli. Sampuli ya kiatu cha kiume ni arobaini na mbili, na ni kimoja tu, cha kulia. Ukiuliza cha kushoto unajibiwa "meiyou", yaani hakuna, neno mtakalolisikia zaidi hapa Guangzhou kuliko majina yenu. Sasa mama zenu wanaopeleka viatu Makambako na Songea wana miguu midogo ya kwao. Watajuaje kama kiatu cha mwanaume kinabana? Wanaazima mguu. Unaingiza, unatembea mpaka kwenye lifti na kurudi, unaulizwa, "Kinabana?" Unajibu. Kwa jibu lako makatoni yanaagizwa. Mguu wangu wa kushoto haukufanya kazi hata siku moja. Ulikuwa unakuja kunisindikiza.

Kabla yangu mguu alikuwa Wafula, Mkenya wa Bungoma, wakala wa kupakia makontena bandari ya Huangpu, mtu mzima mwenye kitambi. Kila Mchina akisikia Kenya alimuuliza kama anakimbia. "Nilikimbia mara moja," alikuwa akijibu, "na mbwa ndiye alishinda." Alipoota sugu kwenye kidole gumba akawa hafai tena, akanikabidhi kiti. Yeye ndiye aliyenifundisha, na mafunzo yake nawapa bure maana mimi hayajanifikisha popote.

"Buda, kiatu ya kukimbia usiijaribu asubuhi," aliniambia. "Asubuhi mguu bado imelala. Kuja saa tisa, ushatembea, imefura. Na uvae soksi yenye utakimbia nayo, sio hiyo ya kanisa."

Alinionyesha kukishika kiatu kisigino na ncha, ukakikamua kama suruali iliyofuliwa. Kikijikunja katikati, kirudishe ukutani. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika tu. Alinishusha ngazi ghorofa nne nikiwa na kiatu kimoja, kwa sababu kiatu kibaya husema ukweli kwenye mteremko: vidole vinagonga mbele. Alinifundisha kusoma meno ya soli. Meno marefu yaliyoachana ni ya matope, maana matope yanapata pa kutokea. Ukiyapeleka kwenye lami yanakuchosha na yanalika upesi. Ya lami ni mafupi na mapana, ila ukiyaingiza kwenye tope unakuwa unateleza kama sabuni bafuni. Na anayetaka kiatu cha njia zote, lami, tope, kokoto na nyasi, atapewa kiatu kinachofanya kila kitu nusu nusu. Hicho ndicho nilichojifunza kwa miaka yangu ya utumishi: hakuna kiatu. Kuna kuamua tu utaumia wapi.

Mimi niliongeza yangu. Nilikuwa nikibeba chupa ya maji, namwaga kidogo kwenye vigae vya ukumbini, halafu napita na sampuli nione kama inashika. Siku ya tatu mlinzi wa jengo alipita yeye kwanza. Soli zake hazikushika. Mama alinunua viatu vya duka la jirani haraka haraka ili tuonekane wateja, na Laoban, yule mama mwenye duka tuliyemzoea, alicheka mpaka akakaa kwenye katoni. Tangu hapo aliniita Jiao. Maana yake mguu. Jina langu la ubatizo ni Ayubu, na kwa jina hilo sijui Mama alikuwa anategemea maisha gani.

Ningewaambia kazi hii ni nzuri, kama si kaka yangu Erasto.

Erasto alipata nafasi ya kusoma kaskazini, Harbin. Ufadhili ulikuwa wa mwaka wa kwanza tu, wa kujifunza lugha. Lakini Erasto anakimbia, amekimbia tangu Njombe akiwa na kaptula ya shule, na mwalimu wa michezo wa chuo chake alimpa masharti wazi: kuna mbio za mchujo katikati ya baridi. Ukiingia sita bora, unakuwa wa timu na chuo kitakusomesha hadi mwisho. Ukikosa, rudi kwenu. Njia ya mbio inaanzia kwenye lami iliyofagiliwa, inafuata ukingo wa mto, inapita msituni kwenye theluji iliyokanyagwa, inarudi kwenye lami. Na Erasto ana mguu arobaini na tano, mpana kama chapati. Maduka ya viatu kule kwake yanaishia arobaini na tatu. Akiingia, wauzaji wanaitana kuja kuangalia.

Kwa hiyo miguu yake ikawa kazi yetu.

Jumapili Mama alikwangua kadi ya simu, akaweka sauti ya juu sote tusikie.

"Mama, viatu vya nyumbani vimekuwa mbao," Erasto alisema. "Soli inakauka nikitoka tu mlangoni. Nakimbia nagonga kama mbuzi kwenye saruji."

"Baridi ndiyo inakutoa jasho?" Mama alisema. "Sisi ni watu wa Njombe! Wewe umezaliwa Julai, maji yameganda kwenye ndoo."

"Mama, huku pua inaganda kwa ndani."

"Basi vuta kwa mdomo."

Hapo ndipo sisi watu wa Njombe tulipokosea, na tulikosea ukoo mzima. Tulidhani baridi ni moja, inatofautiana ukubwa tu kama ndugu. Mama akachagua viatu kwa akili ya Njombe: visivyopitisha maji, maana baridi ya kwetu ni ya umande na ukungu. Tulivituma na mwanafunzi aliyekuwa anapanda treni. Baada ya wiki simu ikalia.

"Dogo," Erasto aliniambia, "mmenitumia ndoo mbili."

Theluji ilikuwa inaingilia juu, kwenye kifundo. Ikishaingia inayeyuka kwa joto la mguu, na kiatu kisichoingiza maji hakitoi maji pia. Alikuwa anakimbia huku anaosha miguu. Andikeni hilo: kwa theluji kavu ya kule, chukua kitambaa kizito kinachopumua kidogo, na ufunge mdomo wa kiatu kwa soksi au kipande cha kitambaa. Kiatu cha plastiki waachieni wafuga bata.

Tatizo kubwa likabaki soli. Hapa Guangzhou hata Januari mtu anavaa sweta kwa kujidai. Utajuaje mpira utakavyokuwa kule? Unaukunja dukani, laini kama ulimi, unaupeleka Harbin unakuwa kigae.

Jibu nililipata kwa Mama Bijou, Mkongo mwenye mgahawa wa samaki ghorofa moja chini ya kwetu. Nilitumwa kuchukua sato kwenye friza yake nikakuta glovu mbili za mpira zilizosahauliwa humo. Moja ilikuwa ngumu kama mkono wa maiti. Nyingine, ya rangi tofauti, ilikuwa laini vile vile. Nilisimama na samaki mkononi mpaka Mama Bijou akapiga kelele nifunge mlango.

Kesho yake nilimwomba Laoban sampuli za kuazima. Aliniangalia kwa mashaka lakini akatoa. Nikazizika katikati ya samaki tangu jioni hadi asubuhi. Mama Bijou alipofungua akashika kichwa.

"Mon petit, mutoto wangu! Humu munaingiaka samaki, hamuingiake kiatu! Bantu banakulaka humu!"

"Mama Bijou, ni kwa ajili ya Erasto."

Alimjua Erasto. Akasogeza samaki. "Weka kule kwa pembeni. Na mufuko, ufunge muzuri."

Kila asubuhi kabla ya shule nilitoa viatu na kuvikunja palepale jikoni. Vingi vilikataa. Vingine vilipasuka kwa sauti ya biskuti, na kimoja kiliacha meno yake yote kwenye sakafu kama mzee. Nikirudisha sampuli, Laoban ananusa. "Jiao! Samaki?" Halafu kwa Kiswahili chake cha dukani: "Rafiki, kiatu nunua, samaki hapana!" Lakini alikuwa anatoa nyingine.

Mwisho kimoja kilifaulu. Kibaya kwa sura, rangi ya maji ya kuoshea vyombo, meno ya urefu wa kati yenye mikato midogo midogo mingi. Kilitoka kwenye friza na barafu juu yake na kikakunjika kama mkate. Nilimwaga maji kwenye trei, nikayagandisha, nikakipitisha juu. Kilishika, si sana, maana barafu tupu haishikwi na mpira wowote, hapo unatembea tu au unavaa misumari. Lakini kwenye theluji iliyokanyagwa kingeshika. Nilimwita Mama. Alikikunja yeye mwenyewe, akakikunja tena.

Sasa kuna hili mnalopaswa kulijua kabla hamjaanza kazi. Kiwanda hakiwashi mashine kwa jozi moja. Mama alihitaji viatu vya mtu mmoja, akalazimika kuagiza mzigo. Aliacha ndala zake zote za msimu wa Pasaka, ambazo ndizo zinazotulisha, akaagiza makatoni ya viatu vya theluji vya kupeleka Makambako, mradi ndani yake iwemo jozi ya Erasto. Mama wenzake walimcheka kwenye lifti.

"Mama Erasto, Makambako theluji inaanguka lini?"

"Mwanangu yuko chini yake," Mama alisema. Wakaacha kucheka.

Erasto alitutumia karatasi ya mguu. Mnazifahamu, mmeziona kwenye mikoba ya mama zenu: mteja anasimama juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, anachorwa kwa kalamu, inakatwa, inasafirishwa mpaka hapa inaingizwa ndani ya kiatu. Yake aliichora kwenye gazeti la Kichina akiwa na soksi nzito ya kukimbilia. Mguu wa kulia, kama kawaida, maana sampuli ni ya kulia. Kwa soksi ile akawa arobaini na sita. Laoban akasema arobaini na sita inawezekana, hakuna shida.

Mzigo ulipofika nilitafuta jozi ile kwanza. Ilikuwa nzuri, rangi ile ile mbaya. Karatasi ililala ndani vizuri. Nikaipeleka kwa samaki, kwa mazoea tu.

Asubuhi nilikunja cha kulia. Kilipasuka kuanzia upande hadi upande. Mama Bijou alikuwa anakata vitunguu, akaacha kisu.

Tulikwenda kwa Laoban. Aliweka viatu viwili kifudifudi, cha arobaini na tano na cha arobaini na sita, na hapo nikaona. Meno yanafanana kwa mbali tu. Akaeleza kwa mikono na maneno machache: kalibu ya kumiminia soli ile inaishia arobaini na tano. Kuchonga kalibu mpya kwa jozi moja, nani atafanya? Kwa hiyo kiwandani walichukua soli ya kiatu kingine iliyokuwa na ukubwa huo, wakaigundisha. Yeye mwenyewe hakuwa ameambiwa. Mama alimuuliza kama kuna njia yoyote.

"Meiyou," Laoban alisema, na alisema polepole, si kama anavyowaambia wanaoomba kupunguziwa.

Mwanafunzi wa kumbebea alikuwa anaondoka mchana ule, na baada yake hakukuwa na mtu mpaka mbio zipite. Nikachukua ile arobaini na tano, nikaingiza karatasi ya Erasto. Ilikunjika pembeni, pale pa kidole kidogo. Tukampigia.

"Dogo, arobaini na sita ikoje?"

"Nzuri ya kuvunjia nazi."

"Na arobaini na tano?"

"Soli ni ile niliyoichagua. Haina mfano. Lakini karatasi inakunjika pa kidole kidogo."

"Kwa soksi nzito?"

"Kwa soksi nzito."

"Na nyepesi?"

"Mguu unaingia. Lakini kaka, Wafula anasema mguu ukibanwa damu haifiki mwisho, na kwa baridi hiyo..."

"Wafula alishindwa na mbwa." Alicheka. Halafu akaacha kucheka. "Ayubu, hivi nilivyo navyo nimeanguka msituni mara mbili wiki hii. Nikianguka siku yenyewe, narudi nyumbani. Kidole nitakibembeleza. Nitumie."

Mama alichukua simu. "Baba, kinabana."

"Mama, naomba."

Tulituma.

Alimaliza wa nne. Alitupigia akiwa bado anahema, tukasikia wenzake wanapiga kelele nyuma. Msituni, alisema, wale wa mbele walianguka kama maembe, yeye alipita katikati yao wima. "Viatu hivi, dogo! Viatu hivi!" Mama Bijou alileta sato mzima na ndizi, Wafula akaja akadai yeye ndiye kocha, na Mama akacheza na katoni tupu kichwani. Simu ilipokaribia kukatika Erasto akasema, "Ila kuna kidole kimoja hakijaamka bado."

Sisi tukacheka. Yeye ndiye alianza.

Hakikuamka. Daktari alimweleza baadaye jambo ambalo nawaomba mlishike kuliko meno na kuliko friza: kwenye baridi, kidole kinachouma kiko hai. Kikiacha kuuma ghafla, usishukuru. Simama, vua, kipashe joto. Yeye alihisi maumivu yameisha alipokuwa ukingoni mwa mto, akadhani ameshinda hata hilo, akaongeza mwendo. Walikikata wiki iliyofuata, cha mwisho, mguu wa kulia. Akaambiwa asikimbie mpaka kiangazi. Timu ilihitaji mtu wa kukimbia sasa hivi, wakamchukua aliyemaliza wa saba.

Vile viatu vingine vilifika Makambako. Wanavisifu mno. Wanavunia navyo viazi, wanasema havitelezi kabisa, wanauliza lini vinakuja tena.

Erasto alifika Guangzhou kwa treni mwezi uliopita, mchana, na begi moja. Wengine wenu mlimwona kanisani, mkamuuliza kwa nini anachechemea, akawaambia ameumwa na mamba wa Harbin. Siku ile aliyofika alikaa juu ya katoni sebuleni, akatoa viatu vya rangi ya maji ya vyombo, akatoa soksi zake nzito, akavaa. Akafunga kamba taratibu, kama mtu anayekwenda mahali. Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Akapiga magoti mbele yake na kubonyeza kwa kidole gumba, kwa mazoea ya kazi, bila kufikiri.

"Kinabana?" akauliza.

Erasto aliangalia miguu yake.

"Cha kulia hakibani tena," alisema. "Cha kushoto bado."

Akacheka. Mimi ndiye mchekeshaji wa nyumba hii, hata walimu wanajua, na sikumsaidia kucheka. Mama alikuwa bado chini, kidole gumba chake kimebaki juu ya kiatu cha kushoto, anabonyeza, anabonyeza, kwenye ule mguu ambao hatukuwahi kuuomba karatasi.

Nafasi iko wazi. Anayeitaka aje Jumamosi nimpime. Nina sharti moja tu: ukishavaa sampuli na kuulizwa kama inabana, usijibu neno mpaka udai cha kushoto. Utaambiwa meiyou. Kaa hapo hapo.